Kukata Sifuri

Abiria wa mwendokasi pale Kimara hulipa nauli kabla hata hajaliona basi. Anapita getini, anasubiri juu ya jukwaa lililoinuliwa, basi likifika sakafu yake inalingana na jukwaa, naye anaingia bila kukanyaga ngazi. Hakuna konda wa kumdai mlangoni, wala hakuna wa kumvuta mkono. Utaratibu huo ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016 katika njia ya Barabara ya Morogoro. Kabla yake ulikuwa Bogotá, Kolombia, tangu Desemba 2000. Na Bogotá waliuona katika mji wa kusini mwa Brazili ambao wengi wetu tungehangaika kuutafuta kwenye ramani: Curitiba.

Meya aliyeubadilisha mji huo aliitwa Jaime Lerner. Alikuwa msanifu majengo, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Poland, aliyezaliwa Curitiba mwaka 1937 na kufariki Mei 2021. Alikuwa meya mara tatu: 1971 hadi 1975, 1979 hadi 1983, na 1989 hadi 1992. Baadaye alikuwa gavana wa jimbo la Paraná. Sifa zake zimeandikwa sana na waandishi wa usafiri na wa mazingira, kila mmoja akichukua kipande chake. Mimi navutiwa zaidi na jinsi alivyofanya kazi. Umeya, kwa mtu huyu, ulikuwa ufundi wa mikono, na ufundi ukiutazama bila haraka unakuonyesha pale patasi ilipopita.

Alikuwa na msemo aliokuwa akiurudia: ukitaka ubunifu, ondoa sifuri moja kwenye bajeti, ukitaka mji utakaodumu, ondoa mbili. Unaweza kuudhani utani wa jukwaani. Lakini fuatilia alichokifanya na utaona aliumaanisha kama fundi cherehani anavyomaanisha kitambaa kilichobaki: hakitupwi, kinatafutiwa kazi.

Tuanze na mabasi, maana hapo ndipo ufundi wake unaonekana wazi.

Mwaka 1970 Curitiba ilikuwa na watu laki sita na ushei, na ilikuwa ikikua kwa kasi kama miji mingi ya Brazili, watu wakiacha mashamba na kuingia mjini. Miji mikubwa ya dunia ilikuwa imeshatoa jibu: chimba chini, pitisha treni. Curitiba haikuwa na fedha za kuchimba. Jibu la pili lilikuwa kubomoa nyumba ili kupanua barabara kuu, na mipango ya namna hiyo ilikuwepo. Lerner na wenzake katika taasisi ya mipango ya mji, IPPUC, iliyoanzishwa mwaka 1965, walikaa na ramani wakaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Barabara tatu zilizokwisha kuwepo, zinazokwenda sambamba, zinaweza kufanya kazi ya barabara moja pana. Ile ya katikati ikapewa mabasi, yenye njia zao peke yao, na pembeni njia za magari yanayokwenda polepole kufikia maduka. Zile mbili za ubavuni, mtaa mmoja kushoto na mmoja kulia, zikafanywa za uelekeo mmoja: moja ya kuingia mjini, nyingine ya kutoka. Hapakuwa na haja ya kubomoa safu ya nyumba. Mabasi ya kwanza ya njia hizo yalianza mwaka 1974.

Halafu wakafanya lile ambalo wanaonakili mradi huu huwa wanalisahau. Sheria ya ujenzi ikabadilishwa ili majengo marefu yaruhusiwe kandokando ya njia hizo za mabasi, na kadiri unavyosogea mbali nazo, ndivyo ghorofa zinavyopungua. Ukiitazama Curitiba kutoka angani unaona mistari ya maghorofa ikitoka katikati ya mji, na chini ya kila mstari kuna basi. Abiria hawakutafutwa baadaye. Walijengewa nyumba mlangoni pa kituo. Sisi mara nyingi tunajenga njia kwanza, kisha tunashangaa mji umekwenda upande mwingine.

Mpangilio wa malipo ndio ninaoupenda kuliko yote, labda kwa sababu mimi ni mtoto wa daladala. Kila aliyewahi kubanwa mlangoni mwa daladala anajua kisa cha hesabu. Tajiri anataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe jua, kwa hiyo dereva na konda wanagombea kila kichwa kituoni, wanakatisha ruti, wanakimbizana, na mtoto wa shule anaachwa kwa sababu nauli yake ni ndogo. Tumezoea kuwalaumu madereva kwa tabia mbaya. Curitiba mabasi pia ni ya kampuni binafsi, lakini nauli haikuingia mfukoni mwa kampuni moja kwa moja. Ilikwenda kwenye mfuko wa pamoja uliosimamiwa na shirika la manispaa, URBS, na kampuni ikalipwa kwa kilomita ilizokwenda. Dereva hakuwa na sababu ya kumpita mwenzake. Nauli ikawa moja kwa mji mzima, na anayekaa mbali, ambaye mara nyingi ndiye maskini, analipa sawa na yule wa safari fupi. Hakuna aliyehubiriwa tabia. Njia ya fedha ndiyo iliyobadilishwa, na tabia ikafuata.

Kituo chenyewe kile cha bomba la kioo, ambacho picha zake zimezunguka dunia, kilikuja mwaka 1991, na hapo pia Lerner alianzia kwenye kero ndogo sana. Basi halicheleweshwi na mwendo wake tu, linacheleweshwa pia na mlango. Watu wanapanda ngazi, wanatafuta sarafu, mzee anashikwa mkono, mwenye mtoto mgongoni anageuka kwanza. Treni ya chini ya ardhi ni ya haraka kwa sababu abiria ameshalipa na sakafu iko sawa na jukwaa. Basi likipewa hayo mawili linakuwa treni, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kuchimba. Mwaka uliofuata yakaja mabasi marefu ya vipande vitatu, yanayobeba watu 270, na yaliundwa na Volvo katika kiwanda chake cha Curitiba kwenyewe.

Kiwanda hicho kilikuwepo kwa sababu. Mwaka 1973, Lerner akiwa katika kipindi chake cha kwanza, mji ulifungua eneo la viwanda upande wa magharibi, na wakaliunganisha na njia za mabasi na makazi ya wafanyakazi badala ya kuliacha peke yake porini. Yaani fedha ya nauli ikanunua basi, basi likaajiri fundi, na fundi akapanda basi kwenda kazini. Siwezi kudai kwamba kila kitu kilipangwa hivyo tangu mwanzo. Ila mtu aliyezoea kukifanya kitu kimoja kifanye kazi tatu huwa anabahatika mara nyingi kuliko wengine.

Kisa cha mtaa wa Rua XV de Novembro kinasimuliwa sana, nami nitakipitia upesi. Mei 1972 Lerner aliamua kuwa mtaa mkuu wa biashara utafungwa kwa magari na kuachwa kwa waenda kwa miguu. Wafanyabiashara walikataa, wakijua wateja wao huja kwa gari. Wahandisi wakataka miezi. Yeye akataka saa 72. Kazi ikaanza Ijumaa jioni, mahakama zikiwa zimefungwa na hakuna wa kutoa zuio, na Jumatatu mtaa ulikuwa na mawe mapya, taa, na maua. Baada ya muda si mrefu wenye maduka walewale wakaomba mradi uongezwe. Wenye magari walipotishia kuingia kwa nguvu siku ya Jumamosi, hakuwaita polisi. Watumishi wa manispaa walitandika karatasi ndefu katikati ya mtaa, wakawaita watoto waje kuchora. Magari yaliyofika yakakuta mamia ya watoto wamepiga magoti na rangi mikononi.

Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya ujasiri. Mimi naona ndani yake hesabu ya muda. Mradi unaochukua miezi unawapa hofu nafasi ya kukua, na mwenye duka anahesabu hasara ya kila siku ambayo vumbi liko mlangoni. Mradi wa siku tatu unamfikisha haraka mahali ambapo anaweza kuhesabu mauzo. Ameshaona kwa macho yake, na kubishana na macho ni kazi ngumu. Baadaye, mwaka 2003, Lerner aliandika kitabu kuhusu jambo hilihili na kuliita tiba ya sindano kwa miji: unachoma sehemu ndogo iliyo sahihi, mwili mzima unaitika.

Alipenda pia majengo yaliyochoka. Ghala la zamani la baruti likafanywa ukumbi wa maigizo, ukafunguliwa Desemba 1971. Machimbo ya mawe yaliyoachwa, mashimo ambayo kwetu huishia kuwa dampo au dimbwi la kuzamisha watoto, yakageuzwa: moja likapata jumba la muziki la mabomba ya chuma na vioo, Ópera de Arame, lililosimama mwaka 1992 baada ya takriban siku 75 za ujenzi. Kwa nyumba za kihistoria alitafuta ujanja wa kisheria. Mwenye nyumba hiyo ana mzigo: haruhusiwi kuibomoa, kuikarabati ni ghali, na jirani yake anajenga ghorofa kumi. Wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa zaidi. Curitiba ilimruhusu mwenye nyumba auze haki yake ya kujenga juu, ikatumike kwenye kiwanja kingine mjini, na fedha ile ikaikarabati nyumba. Manispaa haikutoa senti, na nyumba imesimama.

Maji ndiyo somo ambalo Dar es Salaam ingefaa kulikopa pamoja na basi. Curitiba ina mito, na mito ile ilikuwa ikifurika na kubeba nyumba za waliojenga bondeni. Wakati huo serikali kuu ya Brazili ilitoa fedha za kuzuia mafuriko, na miji mingi ilizitumia kuibana mito ndani ya mifereji ya zege, maji yakimbie haraka kwenda kumfurikia mwingine. Curitiba ikazitumia kununua ardhi ya mabondeni na kuchimba maziwa. Mvua ikinyesha, ziwa linapanda, bustani inalowa, na maji yanateremka taratibu. Jua likiwaka, watu wanakwenda kutembea hapo. Bustani za Barigui na São Lourenço za mwaka 1972 zilianza hivyo. Kiwanda cha zamani cha gundi pale São Lourenço kikageuzwa kituo cha sanaa. Nyasi zilipozidi, badala ya kununua mashine nyingi, manispaa ikaingiza kondoo. Kwa hesabu za mji wenyewe, mwaka 1970 kila mkazi alikuwa na eneo la kijani lisilofika mita moja ya mraba; baada ya miongo miwili hivi lilikuwa limezidi mita 50.

Sasa fikiria Jangwani. Sisi tulilichukua basi la Curitiba, tukaliacha bonde lake, kisha tukajenga karakana ya mabasi hayo ndani ya bonde la Msimbazi, ambako kila masika makubwa maji yaliyafuata. Sisemi kwa kejeli. Siku hizi upo Mradi wa Bonde la Msimbazi, na michoro yake ina daraja la juu pale Jangwani na bustani kubwa ya mji mahali pa mafuriko. Mtu wa Curitiba angeitambua michoro hiyo mara moja.

Nimelibakiza lile ambalo naliona bora kuliko yote, na ndilo dogo kuliko yote: takataka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 pembezoni mwa Curitiba kulikuwa na mitaa ya vibanda yenye vichochoro vyembamba. Gari la taka haliingii. Taka zinarundikwa mtoni na mabondeni, panya wanazaana, watoto wanaugua. Ungeweza kuvunja nyumba ili gari lipite, au kuwatoza faini wasio na kitu. Mwaka 1989 manispaa ya Lerner ilipiga hesabu: kama ingeweza kuingiza gari mle, ingelipa kiasi gani? Fedha hiyohiyo ikawapa wakazi. Leta mfuko wako wa taka hadi pale gari linaposimama, upewe tiketi za basi au chakula. Sasa yule mwenye kibanda, ambaye nauli ilikuwa inamzuia kwenda mjini kutafuta kazi, ana nauli. Mtaa umesafishwa na wenye mtaa.

Miaka miwili baadaye wakulima wadogo wa kando ya mji walivuna mboga nyingi kuliko soko lilivyoweza kuzinunua. Manispaa ikanunua ziada hiyo na kuanzisha utaratibu wa kubadilishana, ule wanaouita Câmbio Verde: kilo nne za taka zinazoweza kutumika tena, kwa kilo moja ya mboga na matunda. Gari linakuja siku inayojulikana, mahali panapojulikana, foleni inasimama na mikokoteni na mifuko. Mpaka leo utaratibu huo unaendelea. Hesabu walionufaika katika kilo moja ya kabichi: mkulima ambaye mboga zake zingeoza, mama aliyeibeba nyumbani, mtoto aliyeila, mto ambao haukutupiwa chupa, na kiwanda kilichoipata chupa hiyo. Kuwafundisha watu kutenganisha taka, walianza na watoto shuleni, wakijua kuwa mtoto akikukuta unatupa kopo pasipostahili hatakuacha upumue.

Lerner alipokuwa gavana akaipeleka akili ileile baharini. Ghuba ilikuwa imechafuka, na kuisafisha kwa zabuni kungegharimu fedha nyingi. Akapatana na wavuvi: ukivua samaki, ni wako; ukivua takataka, serikali inazinunua. Siku ya bahari mbaya ikawa na ujira. Na kadiri walivyovua taka, ndivyo samaki walivyoongezeka. Mvuvi wa Kilwa au wa Lamu angeuelewa mkataba huo bila kusomewa.

Naambiwa mtindo wake wa kazi ulikuwa wa nusu kwa nusu. Asubuhi alijitenga na wenzake katika kibanda cha magogo kwenye msitu ndani ya mji, wakafikiria mambo ya miaka mingi mbele. Mchana alirudi ofisini kupokea shida za siku hiyo, bomba lililopasuka na barabara yenye shimo. Viongozi wengi hufanya moja kati ya haya mawili. Anayefikiria tu hupoteza watu, na anayeziba mashimo tu huziba hayohayo kila mwaka.

Lipo jambo gumu ambalo mpenda ufundi hapaswi kulificha. Mwaka 1971 Lerner hakuchaguliwa na wananchi. Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na mameya wa miji mikuu ya majimbo waliteuliwa. Wale wafanyabiashara wa Rua XV hawakuwa na kura ya kumtisha nayo, na saa 72 zinawezekana kirahisi zaidi pale ambapo hakuna wa kukuuliza. Wapo wanaosoma historia hii na kuhitimisha kwamba mji mzuri unahitaji mtu wa kuamuru. Lakini tarehe hazikubali. Demokrasia iliporudi, Lerner aligombea mwaka 1985 akashindwa. Mwaka 1988 akaingia ulingoni siku 12 tu kabla ya uchaguzi, akashinda. Na ni katika kipindi hicho cha kura, 1989 hadi 1992, ndipo vilipokuja vituo vya bomba, mabasi marefu, tiketi kwa taka na mboga kwa taka. Kazi zake zilizomgusa maskini moja kwa moja zaidi alizifanya alipokuwa na deni kwa mpiga kura.

Kwetu umeya ni kiti cha aina nyingine. Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake, huvaa joho na mkufu, huongoza vikao. Mtendaji wa halmashauri ni mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais. Kenya haina tena mameya wa namna ile ya zamani tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Gavana ndiye mwenye fungu. Kwa hiyo barabara tatu za sambamba na sheria ya ghorofa haziwezi kuamuliwa na meya wa Mwanza peke yake hata akiwa na kipaji cha Lerner. Kubadilishana taka kwa mboga ni habari nyingine. Hapo panahitajika gari, mizani, mkulima mwenye ziada na diwani anayejua vichochoro vya kata yake, na mimi sijui halmashauri isiyo na vyote vinne.

Curitiba yenyewe si pepo. Nyumba karibu na njia za mabasi zilipanda bei, na wengi wa maskini waliofuata walikwenda kuishi katika manispaa za jirani, nje ya mipaka ambamo meya angeweza kuwafikia. Ni miongoni mwa miji ya Brazili yenye magari mengi zaidi kwa idadi ya watu, na miaka ya karibuni mabasi yamekuwa yakipoteza abiria. Sehemu kubwa ya taka zinazorudishwa viwandani inakusanywa na watu wa mikokoteni wanaosukuma mzigo mchana kutwa kwa kipato kidogo, na wao hawaonekani sana kwenye picha za vituo vya kioo.

Hata hivyo mji haukuanguka alipoondoka, na hilo linatokana na IPPUC zaidi kuliko yeye. Vijana wa taasisi ile walipokezana: Rafael Greca akawa meya mwaka 1993, Cassio Taniguchi akafuata mwaka 1997, na Greca akarudi tena mwaka 2017. Kulikuwa na michoro mezani kabla ya kampeni na baada yake.

Na basi nalo halikuruhusiwa kufa bure. Likifikisha miaka kumi barabarani lilitolewa kwenye njia. Mengine yaling'olewa viti, yakawekwa meza, vyerehani na vioo vya saluni, yakaegeshwa mitaani kwa wasio na kazi, wakajifunza humo kushona, kunyoa, kutengeneza umeme, kwa ada ndogo. Jengo la chuo hicho lilikuwa limeshalipiwa na abiria.